Tupeane uzoefu: msiba ambao nyumbani kwenu haukutajwa

Binti wa Mwanga: Tulimwekea mama filamu ya Coco, ile katuni ya mwaka 2017 kuhusu mtoto wa Meksiko na picha ya ukoo iliyochanwa uso wa babu mmoja. Picha hiyo ilipoonyeshwa, mama aliinuka akaenda uani. Nasi hapa Kigoma tuna picha ya harusi ukutani iliyokatwa pembe kwa mkasi, na tangu utoto tumekatazwa kuuliza ni nani aliyesimama pale. Mlioishi na kimya cha namna hii, mlifanyaje?

Mjukuu wa Ulyankulu: Umenigusa, dada. Bibi yangu alikimbia Burundi mwaka 1972, na baadaye familia ikapelekwa Ulyankulu, Tabora, walikofyeka msitu na kulima tumbaku. Sote tulijua kwamba alizaa watoto watano. Mwaka 2008, wakati wa maombi ya uraia wa Tanzania, karani alipomwomba ataje watoto wake alitaja sita, akianza na jina ambalo hata baba hakuwahi kulisikia. Usiku ule alifungua fundo la kanga kuukuu, akatoa shanga za kiuno za mtoto mdogo, akasema kwamba alimzika mwenyewe ufukweni kabla hakujapambazuka, kisha akamfunga mgongoni mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu, akaendelea na safari. Ndipo tulipoelewa kwa nini kila tulipotaka kumpeleka Kigoma alikataa katakata.

Mama Isevya: Pole sana, mwanangu. Kwetu pia jina la mjomba halikutajwa mpaka mama alipofariki.

Mwalimu Mstaafu: Filamu hiyo inaeleza mila za watu wengine kuhusu wafu. Wazee wetu walionyamaza walikuwa na sababu zao, kwa hiyo mwacheni mama apumzike.

Kijana wa Gungu: Shikamoo, Mwalimu. Kwa heshima zote, sikubaliani nawe. Baba yangu aliachwa apumzike hivyo hivyo, na leo hatujui kaburi la shangazi liko wapi wala hatuna wa kumwuliza.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, kijana. Nami nilimwona mama yangu mdogo akiugua baada ya kikao cha ukoo kumlazimisha aseme. Hilo hukulifikiria.

Binti wa Mwanga: Ndugu wa Ulyankulu, jina lile mlilifanyia nini?

Mjukuu wa Ulyankulu: Binti yangu analo. Bibi ndiye aliyeomba apewe.

Bibi Ujiji: Mwanangu, usimhoji mama mbele ya watu. Kaa naye mkichambua dagaa, umweleze kwanza unayemkumbuka wewe, kisha unyamaze. Akimtaja mtu, msomeeni hitma, wala msimwulize sababu ya mkasi siku hiyo hiyo.

Binti wa Mwanga: Nashukuru, Bibi. Ila kaka anataka picha ishushwe kwanza ili mama asiumie.

Mama Isevya: Isishushwe. Aliyeitundika ni nani, kama si yeye?