Tupeane uzoefu: mjadala wa mtandaoni uliomfanya mtu abadili msimamo, ulikwendaje?

Fundi Hoja (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba uzi huu tuutumie kusimuliana yaliyotukuta, ugomvi wenyewe tuuache kule ulikoanzia. Siasa, dini, adhabu ya kifo, chanjo, ndoa: sidhani kama kuna mtu humu ambaye hajawahi kubishana juu ya mojawapo. Umewahi kuona mtu akibadili msimamo kwa sababu ya mjadala wa mtandaoni? Alifikaje hapo? Na kama hujawahi, tuambie unaona kinakwama nini.

Naanza mimi. Kuna jamaa tulibishana muda mrefu kuhusu adhabu ya kifo. Mimi naipinga, yeye alikuwa anaitetea kwa nguvu zote. Hoja za haki za binadamu hazikumwingia hata kidogo, maana aliyekuwa anamfikiria muda wote ni mzazi wa marehemu. Siku moja nikaacha kujibu, nikamuuliza: "Kitu gani kikitokea utasema hapa sasa adhabu hii haifai?" Akakaa kimya, halafu akaandika: "Wakimnyonga asiye na hatia."

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kweli. Nikamletea kisa cha Kirk Bloodsworth wa Marekani, aliyehukumiwa kifo mwaka 1985 kwa kumbaka na kumuua mtoto wa miaka 9. Mashahidi watano walisimama mahakamani wakasema walimwona. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha si yeye, akaachiwa 1993, na mwaka 2003 vinasaba hivyo hivyo vikamfikia muuaji mwenyewe. Jamaa hakuuliza chochote kuhusu haki za binadamu. Aliuliza kuhusu wale mashahidi: walikuwa umbali gani, walionyeshwa picha kwanza au walimtaja wenyewe, iweje watano wakosee. Tulikesha humo. Mwishoni akasema yeye sasa anataka kifungo cha maisha, kwa sababu mlango wa gereza unaweza kufunguliwa tena. Mengine karibu yote bado tunapingana.

Naamini mtu anasogezwa na hoja inayoanzia kwenye jambo analolijali yeye. Kinachoniuma mimi kinabaki kuwa changu. Anayeona tofauti aje na kisa chake.

Mama Wawili

Kwetu lilikuwa kundi la familia, kipindi cha uchaguzi. Kaka yangu mkubwa akatupia picha ya karatasi ya kura iliyokwisha kutiwa alama, na maneno makali chini yake kwamba wizi umeshaanza. Watoto wa ndugu wote wamo humo ndani. Nikaikuza ile picha. Kona ya juu kulia mwaka unasomeka, ni wa uchaguzi uliopita.

Sikuandika kitu kundini. Nilimfuata kwake: "Kaka, shikamoo. Ile picha hebu ikuze kona ya juu kulia, soma mwaka." Kimya. Baadaye kidogo nikaona ameifuta, na yeye mwenyewe ameandika kundini kwamba picha ilikuwa ya zamani, wasiisambaze. Ningemsahihisha mbele ya wapwa zake angeitetea ile picha mpaka kesho, na mimi ningeonekana nimemvunjia heshima.

Jambo jingine: ilikuja na vile vishale viwili vya "imesambazwa mara nyingi". Tangu 2020 ujumbe wenye alama hiyo WhatsApp inakuruhusu kuupeleka sehemu moja tu kwa wakati. Mimi nikiviona hivyo vishale ndipo naanza kukuza picha.

Sauti Ndogo

Naomba niseme tofauti na nyinyi wote. Mimi nimeacha.

Niliandika kuhusu ndoa za utotoni. Aya nne, zimepangwa, kila dai na chanzo chake. Jibu la kwanza: "Wewe umeolewa?" La pili ilikuwa picha yangu ya profaili, imekatwa na kuandikwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Usiku ule inboksi ilijaa. Hakuna hata mmoja aliyegusa aya ya pili, ambako nilieleza msichana anapotolewa shule nini kinafuata.

Kilichoniumiza kuliko matusi ni wale waliokubaliana nami. Waliniandikia faraghani, "Dada, uko sahihi kabisa." Hadharani hakuna aliyefungua mdomo.

Kaka Fundi, jamaa yako alikuwa na nia ya kuzungumza. Kuna watu nia yao ni kukunyamazisha, na mtu wa namna hiyo hata umuulize swali zuri kiasi gani, halimfikii.

Fundi Hoja

Dada, pole sana. Nakubaliana na wewe, na sitakuambia urudi. Wanaume mliomo humu, someni ile aya yake ya wale waliomuunga mkono kwenye giza. Tukiona mwenzetu anashambuliwa mwili wake badala ya hoja yake, sentensi moja hadharani inatosha: "Jibuni alichoandika." Haigharimu kitu.

Mwana wa Mchungaji

Mimi nimekulia kwenye mihadhara ya dini, najua inavyochoma. Mingi ni mashindano ya nani ana nondo nzito. Mmoja unanifaa kuusimulia.

Nilikutana na ustadhi mmoja mtandaoni, mtu wa elimu. Kabla hatujaanza akaweka aya ya 46 ya Surat Al-Ankabut, inayowaambia Waislamu wasijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo nzuri. Nami nikaweka 1 Petro 3:15, inayotutaka tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini letu, lakini kwa upole na kwa hofu. Tukakubaliana masharti mawili. Aya isiletwe peke yake, iletwe na zilizotangulia na zinazofuata. Na kabla hujajibu, ueleze kwanza imani ya mwenzako kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali.

Sharti la pili ndilo lililotutoa jasho. Ustadhi alieleza Utatu, nikamwambia hapana, hatusemi miungu mitatu. Akarudia. Nikamwambia bado. Akaenda kusoma, akarudi na maelezo ambayo ningeweza kumpa mtoto wa kipaimara. Zamu yangu ikaja: nieleze kwa nini kwao Isa anaheshimiwa sana, amezaliwa na bikira, ana miujiza, na bado kumwita Mwana wa Mungu ni kumshirikisha Mungu. Nililazimika kuisoma sura ya 19 yote, ile yenye jina la Maryamu, niache vile vipande vinavyozungushwa kwenye makundi.

Hakuna aliyehama dini. Ila waliokuwa wanafuatilia walianza kuuliza maswali ya kweli, kutoka pande zote mbili, na wale waliokuja kwa ajili ya matusi waliondoka wenyewe.

Dada Sauti Ndogo, maneno yako yamenigusa. Nikupe kisa kimoja, nacho kinamuunga mkono mleta mada. Megan Phelps-Roper alilelewa katika kanisa la Westboro, Kansas, Marekani, lile lililokuwa likiandamana kwenye mazishi ya wanajeshi na mabango ya chuki. Twitter yeye ndiye aliyekuwa sauti yao. Myahudi mmoja, David Abitbol, alibishana naye muda mrefu bila kumtukana, mpaka akamuuliza: mnadai mashoga wauawe, na Yesu amesema asiye na dhambi awe wa kwanza kutupa jiwe, inakuwaje? Swali lilitoka ndani ya Biblia yake mwenyewe, akakosa la kujibu. Mwaka 2012 aliondoka kanisani, akaiacha na familia.

Takwimu

Mimi sina kisa, nina tafiti, na naona zinaingiliana na mnayosema.

Mwaka 2017 William Brady na wenzake walichambua mamia ya maelfu ya jumbe za Twitter kuhusu silaha, ndoa za jinsia moja na tabianchi. Kila neno moja la kimaadili lenye hisia kali lililoongezwa kwenye ujumbe liliongeza kusambaa kwake kwa takriban asilimia 20. Na lilisambaa zaidi ndani ya kambi ya mwandishi, kwa wapinzani halikufika sana. Kwa hiyo unapoona posti yako kali imepata kupendwa kwingi, waliokupigia makofi ni wa upande wako.

Wa pili ni wa 2018, Christopher Bail na wenzake. Waliwalipa Wamarekani wafuate kwa mwezi mmoja akaunti inayowaletea maoni ya upande wa pili. Warepublican waliofuata ile akaunti wakazidi kuwa wahafidhina, na Wademokrati hawakusogea kwa kiwango cha kutia maanani. Kumwagiwa tu maoni ya mpinzani hakutoshi, na huenda kukamrudisha mtu nyuma.

Ila msikate tamaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 2016 walichunguza sehemu ya mtandao wa mijadala wa Reddit ambako watu huweka maoni yao wakiomba wabadilishwe. Waliobadilika walikuwa wamerudishiana majibu na mpinzani mara kadhaa. Yakizidi sana, hakuna anayesogea tena. Mimi nimejiwekea mpaka: nikiona tunarudia sentensi zilezile, naaga kwa heshima.

Jicho la Tatu

Nasimamia kundi kubwa la mijadala, naongea kama mtu anayefuta komenti kila siku.

Ugomvi mwingi hauanzishwi na wale wawili wanaobishana. Wao wanaweza kwenda vizuri tu. Anakuja wa tatu, hana hoja, anaweka "hapo amekumaliza" na vikatuni vya kucheka. Basi, yule aliyekuwa karibu kukubali jambo dogo hawezi tena, maana kukubali kumeshageuka kushindwa mbele ya watu. Tangu tulipoanza kufuta hizo za kushangilia kabla ya matusi yenyewe, kundi limetulia. Wengi walilalamika kwamba tunazuia uhuru. Sijabadili kanuni.

Mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1990 Mike Godwin aliandika kwamba mjadala wa mtandaoni ukiendelea kurefuka, uwezekano wa mtu kufananishwa na Hitler unakaribia 1, yaani lazima itokee. Ikifika hapo kwetu naufunga uzi.

Kuna kitu kimoja sikivumilii hata sekunde moja: kuwaita watu wadudu, panya, takataka, iwe ni kabila, dini au chama. Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, siku baada ya siku, na watu wakauawa. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wa redio ile pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni utani tu, admini", namtoa, na simuelezi mara mbili.

Mpwa

Wakuu, nimesoma yote, naombeni msaada. Mjomba wangu ananitumia video kila kukicha kwamba chanjo ya surua inaleta usonji. Ni mtu mzima, amenilea, siwezi kumwambia anadanganywa. Nimjibuje?

Mama Wawili

Usimjibu kundini, mwanangu. Mpigie kabisa. Anza kwa kumuuliza anamhofia mtoto gani. Mara nyingi kuna mtoto maalumu nyuma ya hizo video.

Fundi Hoja

Mama kasema. Halafu ukishajua hofu yake, mpe asili ya lile dai, usimpe hotuba. Lilianza 1998, Andrew Wakefield na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet ripoti ya watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lenyewe likaifuta ripoti, na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Baadaye tafiti za watoto wengi zilifanyika, ya Denmark ya 2019 peke yake ilifuatilia watoto zaidi ya 650,000, na hazikuona uhusiano huo.

Mpwa

Nimempigia. Ni mtoto wa binti yake, amechelewa kuongea. Hakukasirika. Nikamweleza habari za 1998, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Kama ilikuwa mbovu, kwa nini walikaa nayo miaka 12?" Sikuwa na jibu. Nimemwambia nitamrudia.

Fundi Hoja

Swali la mjomba ni zito, mjibu kwa ukweli wote, hata pale ukweli huo usipowapamba wanasayansi. Kasoro zilianza kuanikwa 2004, mwandishi wa habari Brian Deer alipofichua kwamba Wakefield alikuwa amelipwa fedha kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Mwaka huohuo waandishi 10 kati ya 13 wa ripoti ile wakajitenga na tafsiri yake. Jarida likasubiri baraza la madaktari limalize shauri lililoanza 2007, na hukumu ikatoka Januari 2010. Walichelewa, na wapo wengi ndani ya taaluma waliolisema hilo wazi. Mwambie hivyo hivyo. Na huyo mtoto aliyechelewa kuongea apelekwe akapimwe usikivu kwanza, nenda nao ukiweza.