Kikomo cha homoni ya ukuaji: seramu 120 zinatosha?

mzani_moshi: Wakuu, salaam. Tuna seramu (majimaji ya damu iliyoganda) 120 za wanariadha wa kiume wa Arusha na Moshi, wasiotumia dawa. Tunatafuta kikomo: jibu ambalo anayelivuka anahesabiwa ametumia homoni ya ukuaji. Tunapima uwiano wa homoni ya kutengenezwa (ya uzito mmoja tu, kDa 22) kwa ile ya tezi ya mwili wenyewe, yenye mchanganyiko wa uzito mbalimbali. Wenzangu wanataka kikomo kiwe wastani jumlisha michepuo sanifu 2 (mchepuo sanifu ni kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika). Tukubali? Na majibu madogo mno tuyatupe?

logi_asilia: Msikubali. Michepuo 2 ni ya hospitali, si ya kumfungia mtu asishindane: katika wasafi 1000, kama 23 watavuka. Upimaji wa doping (dawa haramu michezoni) unalenga asilimia 99.99 ya wasafi wabaki chini ya kikomo, yaani michepuo 3.72. Uwiano huu una mkia mrefu kulia, kwa hiyo chukueni logi asilia kwanza. Mfano: wastani wa logi −0.4, mchepuo 0.25. −0.4 + 3.72 × 0.25 = 0.53, rudisha kutoka logi, unapata 1.70. Bado. Kwa watu 120 kikomo chenyewe kinayumba, na ukiweka kinga ya asilimia 95 dhidi ya kuyumba huko kinapanda hadi 1.89 hivi. Anayefungiwa kwa 1.75 anaonewa na uchache wa sampuli zenu.

jicho_la_tatu: Naongezea, mkuu. Kulitazama tukio la 1 kati ya 10,000 kwa macho kunahitaji sampuli kama 30,000. Chini ya hapo unategemea umbo la mgawanyo ulilochagua, basi lazima ulitetee. Veerpalu, mtelezaji theluji wa Estonia aliyeshtakiwa kwa homoni hii, aliachiwa na CAS (Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo) Machi 2013 kwa udhaifu wa aina hiyo: sampuli chache, data zilizoondolewa, mgawanyo usioelezeka vizuri. Majibu madogo: amueni kanuni ya kuyatupa kabla ya kuona matokeo, muiandike. Kutupa baada ya kuona ni kujichongea. Na kila jozi ya kingamwili (protini za kipimo zinazoinasa homoni) iwe na kikomo chake, msichanganye.

mzani_moshi: Asanteni. Baadhi ya mirija ilikaa juu ya barafu tupu kutoka Uwanja wa Ushirika.

baridi_kiasi: Hiyo itoeni kabla hata ya hesabu. Damu ya mrija uliogusana na barafu hugeuka barafu, chembe nyekundu hupasuka, seramu inatoka nyekundu. Damu mpya iacheni dakika 15 igande kwenye joto la chumba, kisha nyuzi 2–8, na kitambaa kati ya mrija na barafu. Iliyo nyekundu msiipime.