Tupeane uzoefu: mji wa kale wa Hispania ulikosimama kidogo njiani, ukajikuta hutaki kuondoka

Mleta mada:
Wakuu, habari zenu. Tulikodi gari Málaga, mimi, mke wangu na mama mkwe aliyetoka Tanga kuja kutuona, tukielekea Sevilla. Mpango ulikuwa tusimame Ronda nusu saa, tunyooshe miguu. Tuliondoka jua linazama.

Daraja lao wanaliita Puente Nuevo, yaani Daraja Jipya, na lilikamilika mwaka 1793. Chini yake kuna korongo la mto Guadalevín, mita 98 hivi kwenda chini. Mama alishika ukingo kwa mikono miwili, akachungulia, akarudi nyuma. "Subhanallah, hapa walijengaje?"

Ila kilichonigusa zaidi kilikuwa mezani. Mama hajui Kihispania hata neno. Akaonyesha kidole meza ya jirani, akasema, "Zeituni." Mhudumu akaitikia papo hapo, "¡Aceitunas!" Akaleta bakuli la udongo, zeituni za kijani zilizopondwa kidogo, zinanukia kitunguu saumu. Neno ni lile lile la Kiarabu, kwetu na kwao. Ronda ilikuwa chini ya Waislamu mpaka 1485. Njia nzima hadi Sevilla mama akawa anaokota maneno kwenye simu ya binti yake: sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, hata ni hasta.

Wewe ulisimama wapi?

Mchangiaji wa 2:
Segovia, kaskazini ya Madrid. Baba yangu ni fundi mwashi Arusha, kazi anayoifanya tangu sijazaliwa. Nilipofika chini ya ule mfereji wa maji wa Warumi nikampigia simu ya video. Kimya. Halafu, "Sogeza simu. Saruji iko wapi?" Hakuna, baba. Ni mawe matupu ya matale, yamepangwa yakabanana, na pale uwanjani yamepanda mita 28. Akaona vitundu kwenye mawe kabla yangu: "Hapo ndipo koleo la kunyanyulia liliposhika." Nilikuja kusoma baadaye, ni kweli kabisa. Nimekaa Ulaya miaka tisa na sijawahi kuzungumza na baba muda mrefu namna ile.

Mchangiaji wa 3:
Mimi naongeza la gari, msije mkaumia. Kuna mji nilifuata ramani ya simu mpaka katikati ya vichochoro. Kumbe ni eneo la magari ya wakazi tu, kamera zimeshanipiga. Faini ilinifuata nyumbani baada ya miezi miwili, na kampuni ya kukodisha ikakata na pesa yake ya usumbufu. Paki nje ya kuta, ingia kwa miguu. Toledo wamekuwekea hadi ngazi za umeme za kukupandisha mlimani. Na ukifika saa nane mchana maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo kaa ule taratibu.

Mchangiaji wa 4:
Córdoba. Nilitaka kuuona ule msikiti ulioanza kujengwa mwaka 785, tangu 1236 ni kanisa. Nguzo zaidi ya 850, matao mekundu na meupe. Nguzo zenyewe hazilingani, nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani zaidi. Katikati pameinuliwa kanisa kuu, unatoka kwenye kivuli unaingia kwenye mwanga ghafla. Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani. Nilisimama mbele ya mihrabu, nikamtaja Mungu moyoni, machozi yakanitoka. Adhuhuri niliswali nje, kando ya mto. Mto wenyewe ni Guadalquivir, yaani al-wadi al-kabir, bonde kubwa.

Mleta mada:
Wa 4, sisi Córdoba hatukufika. Mama nimemsomea haya yote kwa simu sasa hivi. Ameniuliza kutoka Ronda ni mwendo gani.