Nimeacha ugali na wali, kilo zilishuka kwa kasi halafu zikasimama. Niendelee au niache?

MamaWawili_Uyole

Habari za jioni wakuu, wakubwa zangu shikamooni.

Naishi Uyole hapa Mbeya, nauza mchele Mwanjelwa. Urefu wangu ni sentimita 160 na nilipoanza nilikuwa na kilo 91. Presha imekuwa ikipanda, na kliniki wakaniambia nipunguze uzito kabla hawajaniongezea dawa. Mwenzangu wa kizimba cha jirani akanishauri niache wanga wote: ugali, wali, viazi, ndizi, chapati, na sukari kwenye chai. Nikaacha.

Wiki ya kwanza zilitoka kilo 4. Nilifurahi jamani, usiku nilikuwa sipati usingizi. Wiki ya pili ikatoka kilo moja. Baada ya hapo nusu kilo, mara gramu mia tatu, na wiki iliyopita mzani haukusogea kabisa. Sasa nina kilo 85.

Asubuhi nakunywa chai ya maziwa bila sukari na mayai mawili. Mchana parachichi zima, haya makubwa ya Tukuyu, na kachumbari. Nikiwa kizimbani natafuna karanga. Jioni nyama au dagaa na mboga za majani. Baba watoto na wanangu wanakula ugali kama kawaida na mimi ndiye ninayeusonga, na baridi hii ya Julai mnaijua wenyewe. Mtu unatamani kitu cha moto cha kushika tumboni.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna dada anasema alitoa kilo 12 kwa mwezi mmoja, na anauza unga wa majani wa kunywa na maji ya moto. Send-off ya mdogo wangu ni Desemba. Naombeni ushauri: mwili umeshazoea? Nibaki na mlo mmoja kwa siku? Ninunue ule unga? Au nirudi tu kwenye ugali wangu?

Chimala_Kwetu

Kilo 6 ndani ya mwezi na kidogo halafu unafikiria kuacha? Usiache dada. Naweka kiti hapa nisome wataalamu.

BibiLishe_Kihesa

Kamwene mwanangu, marahaba. Nimefanya kazi ya lishe kliniki hadi nikastaafu, na swali hili nimeletewa na akina mama wengi sana, karibu wote wakiwa wiki ya nne au ya tano. Ndipo watu wanapokata tamaa. Nikueleze taratibu.

Zile kilo 4 za mwanzo, sehemu kubwa yake ilikuwa maji. Mwili wa mtu mzima unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli. Akiba hiyo inaitwa glikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 hivi, na inashika maji kama dodoki: kila gramu moja inakaa na maji gramu 3 hivi. Ukiacha kula wanga, mwili unaitumia akiba hiyo kwa siku chache tu, na maji yake yanatoka. Juu ya hapo, insulini ikishuka figo zinaachia chumvi na maji zaidi. Kumbuka siku zile za kwanza ulivyokuwa unakwenda haja ndogo kila mara, na pengine kichwa kuuma na mwili kulegea. Ndiyo hayo.

Sasa ujue na upande wa pili wake. Siku ukila sahani ya pilau kwenye harusi, kesho yake mzani utaonyesha kilo moja au mbili zaidi. Ni maji yamerudi kwenye akiba yake, mafuta hayaongezeki kiasi hicho kwa usiku mmoja. Nimeona wanawake wakiacha mpango mzima kwa sababu ya asubuhi moja ya namna hiyo, na inaniuma kila nikikumbuka. Vilevile ukikaribia siku zako za mwezi, mwili unashika maji na mzani unakwama au unapanda ingawa mafuta yanaendelea kutoka.

Mafuta yenyewe yana mwendo wake. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Mama wa umbo lako anayeshinda amesimama sokoni anatumia kalori 2,000 na kitu kwa siku. Ukila pungufu ya hapo kwa kalori 500 kila siku, bila kukosa hata siku moja, unapata nusu kilo kwa wiki. Chukua sasa hesabu ya huyo dada wa WhatsApp: kilo 12 za mafuta kwa siku 30 ni upungufu wa zaidi ya kalori 3,000 kila siku. Wewe hata ukishinda na kulala bila kutia kitu mdomoni hufikishi upungufu huo. Kama kweli alipungua kilo 12, basi mlikuwamo maji mengi, na misuli pia.

Kwa hiyo mwili wako haujagoma. Umemaliza kutoa maji, sasa unatoa mafuta kwa kasi ya mafuta. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo kasi tunayoitarajia, na utakavyozidi kupungua itakuwa chini ya hapo, kwa sababu mwili mdogo unatumia nishati kidogo.

Mlo mmoja kwa siku usijilazimishe. Ukijinyima sana unapoteza misuli, na jioni utakula kwa hasira. Na ule unga, mwanangu, achana nao kabisa. Kuna bidhaa za kupunguza uzito zilizouzwa kama mitishamba zikakutwa na sibutramini ndani yake, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa hatari yake kwa moyo. Wewe una presha. Usijaribu.

Rungwe_Shambani

Bibi amemaliza. Mimi naongezea upande wa parachichi kwa sababu ndilo zao langu.

Dada, parachichi halina wanga wa kukutisha, ila lina mafuta mengi. Gramu 100 za nyama yake ni kalori 160 hivi. Yale ya kienyeji makubwa, ukitoa ganda na kokwa, unaweza kubaki na gramu 300. Hapo umekula karibu kalori 480 kabla hujagusa karanga. Na karanga ndiyo kabisa: gramu 100 ni kalori 570 hivi, na mtu aliyekaa kizimbani na mfuko wazi pembeni anamaliza hizo gramu bila kujua, anazungumza na mteja mkono unakwenda wenyewe. Watu wengi wanaoacha wanga wanadhani vingine vyote ni ruksa bila kipimo. Kula nusu parachichi, nusu nyingine mfunikie mtoto. Karanga pima kiganja kimoja nyumbani, mfuko uache hukohuko.

Makambako_Njiapanda

Naomba niongee kwa uzito kidogo. Hujatuambia unatumia dawa gani, na hilo ni muhimu kuliko kilo.

Mimi nina kisukari. Nilipopunguza wanga huku nameza glibenklamidi kama kawaida, sukari ilishuka nikiwa stendi. Mikono ikatetemeka, jasho la baridi, maneno hayatoki sawasawa. Mama muuza matunda ndiye aliyenipa soda. Daktari akanieleza kwamba dawa ile inasukuma sukari chini hata kama hujala wanga, na akanipunguzia dozi. Anayetumia insulini yuko kwenye hatari hiyohiyo. Msifanye mabadiliko haya kimyakimya.

Kwa presha nako, uzito na maji vikipungua, dawa ileile inaweza kuwa kali kuliko mwili unavyohitaji. Ukisikia kizunguzungu ukiinuka kitini, nenda ukapimwe na uwaambie kwamba umeacha wanga. Usiache dawa mwenyewe. Na dagaa wale wa chumvi, waloweke na umwage maji kabla ya kupika.

FundiCherehani_Kabwe

Mimi si mtaalamu wa lishe ila kazi yangu ni kupima viuno. Nina wateja mzani umewakatalia mwezi mzima lakini kwenye utepe wametoka sentimita tatu, nne. Nunua utepe, jipime kiunoni usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, usivute tumbo. Mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Na gauni la send-off usilishone sasa. Nunua kitambaa uweke, uje Novemba mwishoni.

Mnyalu_wa_Dona

Nasema tofauti kidogo, msinichukie.

Kuacha wanga kunasaidia, sikatai. Kunakata njaa kwa wengi, na kunaondoa soda, maandazi na chapati kwa mpigo mmoja. Lakini si njia pekee. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima, kundi moja likipunguza wanga na jingine likipunguza mafuta, na wote wakiambiwa waachane na sukari na unga uliokobolewa, wale mboga kwa wingi. Waliopunguza wanga walishuka wastani wa kilo 6, waliopunguza mafuta kilo 5.3. Kitakwimu hiyo haihesabiki kuwa tofauti. Na ndani ya kila kundi wapo walioshuka sana na wapo walioongezeka.

Angalieni hiyo namba: kilo 6 kwa mwaka mzima, watu wakiwa na wataalamu wa kuwaongoza. Dada yetu anasikitikia kilo 6 za wiki chache.

Hata Mwingereza William Banting, aliyeifanya njia hii ijulikane miaka ya 1860 kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, alipunguza kilo 21 hivi kwa muda wa mwaka mmoja. Gawanya kwa wiki, unapata chini ya nusu kilo.

Sasa sisi ni watu wa nyanda za juu. Ugali uko kwenye msiba, uko kwenye ugeni, uko shambani. Ukiapa kwamba hutaugusa maisha yako yote, utaapa mara ngapi? Unga wa mahindi gramu 100 una wanga gramu 75 hivi, kwa hiyo mlima wa ugali ni tatizo kweli. Lakini tonge la ukubwa wa ngumi yako, la dona, na nusu ya sahani ikiwa ni figiri au majani ya maboga, na kipande cha samaki, hilo unaweza kuishi nalo miaka. Unaposonga jikoni, anza kujipakulia mboga na kitoweo, kaa ule, ndipo uwapakulie wengine ugali wao. Na ule ukoko wa sufuria ambao akina mama mnaumalizia mkiwa mmesimama, nao ni ugali.

Chimala_Kwetu

Hapo kwenye ukoko umenigusa mke wangu. Nampelekea simu asome.

MamaWawili_Uyole

Asanteni sana, ndaga fijo. Nimesoma kila mmoja mara mbili, na ya hesabu za Bibi nimemsomea baba watoto kwa sauti.

Sina kisukari, nilipimwa. Natumia dawa moja ya presha asubuhi. Kizunguzungu nimekisikia nikiinua magunia, nilidhani ni njaa. Kesho naacha kizimba kwa mwenzangu niende zahanati. Utepe nimenunua leo.

Karanga ni kweli kabisa, mfuko uko pembeni yangu siku nzima. Unga wa majani sinunui tena.

Bibi, nina maswali mawili ya mwisho. Maharage na makande nayo ni wanga wa kuacha? Maana nyama kila siku mfuko hauniruhusu. Na hadi Desemba nitegemee nini bila kudanganywa?

BibiLishe_Kihesa

Maharage yana wanga, lakini yana protini na nyuzinyuzi nyingi, yanashibisha na hayapandishi sukari haraka. Kula bila hofu, kikombe kimoja kilichopikwa, na mafuta ya kuunga yasizidi kijiko kimoja kikubwa, maana hicho peke yake ni kalori 120 hivi. Makande hesabu ni ya mahindi. Ukiyapika weka maharage mengi, mahindi machache, na siku hiyo usile ugali. Siku ambazo hakuna nyama, mayai na dagaa vinatosha kabisa.

Kuhusu Desemba: kuanzia sasa una wiki 20 hivi. Kwa nusu kilo kila wiki, bila kuteleza, ni kilo 10. Lakini kuna misiba, kuna harusi, kuna wiki mzani utakaa palepale, na kasi yenyewe itapungua. Mimi ningekuandikia kilo 5 hadi 8, yaani uingie kwenye send-off ukiwa na 77 hadi 80. Presha huanza kuitikia mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake wa mwanzo, kwako ni kati ya kilo 4 na nusu na 9. Umeshaingia humo.

Kesho zahanati usiende kupima presha tu ukarudi. Waambie kuhusu kizunguzungu, waombe wakupime ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, na uwatajie jina la dawa. Beba na pakiti yake. Ukirudi utuandikie hapa walichosema.