Nagombea uenyekiti wa mtaa: sera ya mtaro niiweke mbele au niifiche? Naombeni ushauri

Mkazi Halisi (14 Oktoba 2024, saa 2 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Wenye busara naombeni mnisaidie, na wale wa utani leo mnipumzishe, maana usingizi umenipaa siku ya nne hii.

Niko Dar, wilaya siitaji. Nina miaka 38, nimezaliwa na kukulia mtaa huuhuu. Novemba 27 tunachagua wenyeviti wa mitaa na mimi nimeshachukua fomu. Sera zangu ni tatu. Ya kwanza ni mtaro. Tunao mtaro mkubwa unaokatiza katikati ya mtaa. Mvua za Aprili ulifurika, maji yakaingia nyumba zaidi ya kumi. Friji ya jirani yangu mpaka leo ina mstari wa tope usawa wa kitasa. Nataka mtaro ufunguliwe wote, mwanzo mpaka mwisho, kabla ya masika. Ya pili ni taka: vijana wetu wenye maguta wajisajili kikundi waingie kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wazoe taka kwa risiti. Ya tatu, mapato na matumizi yasomwe kila miezi mitatu na yabandikwe mlangoni ofisini.

Swali langu: mtaro niuweke mbele kwenye kampeni, au nianze na taka? Kuna watu wananiambia mtaro utaniponza.

Kahawa Chungu

Siti ya mbele. Nimekuja na kashata zangu.

Afisa Mstaafu

Kijana, hongera kwa nia. Ila jua unachogombea. Mwenyekiti wa mtaa hana bajeti wala mshahara, anasubiri posho kutoka halmashauri, na huja inapotaka. Mitaro ya barabara iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Kodi ya majengo unayokatwa 1,500 kila mwezi kwenye LUKU ya umeme haipiti mtaani kwako, inakwenda Hazina. Wewe utakuwa na muhuri, daftari na mdomo. Kazi yako ni kuitisha mkutano wa mtaa, kuandika muhtasari, kuupeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata na kumkaba diwani mpaka aufikishe kwenye baraza. Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka 22. Muhtasari uliopigwa chapa vizuri, wenye sahihi 80 za wakazi, unatisha kuliko maandamano.

Mama Pacha

Kwa habari ya muhuri, mtaani kwetu barua ya utambulisho ni elfu tano na risiti hupewi. Ukiuliza unaambiwa "ya wino". Wino gani huo elfu tano? Mkazi Halisi, weka sera ya muhuri wa bure uone utakavyopita asubuhi.

Kahawa Chungu

Wino wa pweza huo.

Dereva wa Guta

Mimi nitaongelea taka kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ile mikopo ni kweli: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, mwaka huu imerudi. Lakini mkuu usiwaahidi vijana tenda, tenda inatoka halmashauri, sio kwako. Na kikundi kikishapata mkopo, watu watano wanagombana nani ashike simu ya malipo. Cha kwetu kilivunjika kwa ajili ya laini ya simu. Sasa hivi naendesha guta la mtu.

Binti wa Jangwani

Mafuriko mnayazungumzia kama hadithi. Desemba 2011 mimi nilikuwa darasa la sita, tulikesha juu ya bati na kuku wawili. Tukahamishiwa Mabwepande, tukapewa kiwanja. Mama alikuwa anauza samaki mjini, nauli tu ilikuwa inamaliza faida, mwezi wa tatu akarudi bondeni akapanga chumba. Mwishoni mwa 2015 wakaja na alama ya X nyekundu na tingatinga. Kwa hiyo mkuu, ukisema mtaro "ufunguliwe wote" mimi nasikia nyumba ya mtu inaondoka. Nani amejenga juu ya huo mtaro?

Mkazi Halisi

Asanteni. Mama Pacha, la muhuri nalibeba. Afisa Mstaafu, nitakutafuta. Naomba turudi kwenye swali, mtaro uwe wa kwanza au wa pili?

Fundi Rula

Dada amekuuliza swali umelikwepa kama bodaboda anavyokwepa trafiki. Nani amejenga?

Mkazi Halisi

Wamejenga watu mbalimbali.

Fundi Rula

Na wewe?

Mkazi Halisi (saa 4 usiku)

Sawa. Kuna frem nne za biashara. Alijenga marehemu baba mwaka 1998, akamwaga slabu juu ya mtaro, wakati huo hakuna aliyemkataza na serikali ya mtaa ilikuja ikanywa soda. Sasa ziko kwa jina la familia. Kodi yake ndiyo dawa za mama za presha na sukari, na ada ya mdogo wangu.

Lakini naomba muelewe kitu kimoja. Kufungua mtaro sio lazima kubomoa. Nimemleta fundi, anasema tunatoboa slabu sehemu mbili, kijana anaingia na koleo anatoa uchafu. Na chini yangu kuna wengine tisa wamejenga vilevile. Sio mimi peke yangu.

Fundi Rula

Mimi nimezibua mitaro ya namna hiyo. Ukitoboa unakuta giza, pampasi, viroba vya mchanga na vifuu, halafu mafuta ya chips yameganda kuta mbili kama zege la pili. Kijana unayemwingiza humo ana mama yake pia. Maji ya Aprili hayasubiri koleo.

Wakili wa Kijiweni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Frem zako ziko mita sifuri.

Mkazi Halisi

Ule ni mtaro, sio mto.

Kahawa Chungu

Mtaro unaoogelesha friji?

Mama Pacha

Mwacheni, mama yake anaumwa. Kwani bondeni Msimbazi watu si wamelipwa fidia kupisha mradi? Asubiri na yeye alipwe.

Binti wa Jangwani

Waliolipwa walipisha mradi mkubwa wa serikali. Kupisha mtaro wa mtaa uliomwagia slabu mwenyewe nani atakulipa? Mkuu, anza na frem zako. Moja tu. Ibomoe mchana watu wakiona, halafu wale tisa ukawagongee mlango.

Mkazi Halisi

Ningependa. Ila wapangaji nimechukua kodi ya mwaka mzima tangu Agosti.

Fundi Rula

Na hela?

Mkazi Halisi

Nimechapisha fulana.

Afisa Mstaafu

Zimeandikwaje?

Mkazi Halisi

"Mtaro Wazi, Mtaa Safi". Mia mbili.

Kahawa Chungu

Nimemwaga kahawa kwenye kibodi.

Msomi wa Uzi

Wakuu mnapigwa chai ya rangi. Jamaa anasema *ameshachukua fomu*. Leo ni tarehe 14, tuko kwenye kuandikisha wakazi, imeanza 11 na inaisha 20. Fomu za kugombea zinaanza kutolewa 26. Kachukua fomu gani, ya kuoga? Frem za baba, mama mgonjwa, fulana za mtaro, hii ni tamthilia ya saa tatu usiku.

Mkazi Halisi

Fomu ya chama, mkuu. Ndani ya chama tunaanza wenyewe.

Msomi wa Uzi

Chama gani?

Mkazi Halisi

Siitaji.

Wakili wa Kijiweni

Mimi nadhani frem zipo, ila mwandishi sio mwenye frem. Huyu ni mpinzani wake. Anamchafua jamaa mapema kwa kujifanya yeye. Hakuna mgombea anayejianika hivi.

Mama Pacha

Jamani, na mimi nimemwombea dua mama yake.

Jirani wa Saba

Subirini. Frem nne juu ya mtaro, ya kwanza saluni, ya pili wakala wa pesa, ya tatu chips, ya nne imefungwa tangu Idi? Na pembeni pana mwarobaini wenye benchi?

Mkazi Halisi

Kuna mitaa mingi yenye miarobaini.

Jirani wa Saba

Friji unayoisema ni ya kwangu.

Mkazi Halisi

Mods naomba mfute uzi. Jirani, shikamoo. Kesho asubuhi nakuja nyumbani tuongee kiungwana.

Jirani wa Saba

Marahaba. Njoo na koleo.

Afisa Mstaafu

Msifute. Kijana, swali lako nalijibu sasa: mtaro uwe wa kwanza, na kwenye mkutano wa kwanza useme mwenyewe habari ya frem kabla hajasema mwingine. Muhtasari uandikwe hivyohivyo. Atakayekupigia kura hapo amekupigia akijua.

Mkazi Halisi

Mzee wangu, nikisema hivyo nimeshindwa.

Afisa Mstaafu

Huenda.

Dereva wa Guta

Samahani wakuu, nje ya mada. Hiyo frem iliyofungwa kodi yake ikoje? Natafuta sehemu ya kuuzia vipuri vya guta.

Mkazi Halisi

Miezi sita sita. Njoo PM.