Naomba ushauri: kofia za baridi kwa mashine ya kufumia ya duara

Habari zenu wafumaji. Nina mashine ya kuzungusha kwa mkono, yenye sindano 48, na ninafuma kofia za baridi za watu wazima. Naanza na uzi wa akiba (wa kuanzia tu, nautoa baadaye), nafuma bomba refu la mizunguko kama 110 kwa uzi wa kofia yenyewe, kisha nakaza vitanzi vya ncha zote mbili na kuingiza nusu moja ndani ya nyingine. Inatoka kofia nzito ya tabaka mbili, haina mshono ubavuni, na ukikunja ukingo masikio yanafunikwa vizuri. Naipenda sana njia hii.

Shida ni vitanzi kuruka, yaani sindano haiukamati uzi, tena kwenye sindano zilezile. Nikizungusha polepole na kuulegeza uzi kidogo, vinapungua ila haviishi. Je, nikague sindano kama zimepinda, au uzi ndio mnene mno kwa mashine hii?

Na kofia ya mtoto mnafanyaje? Kupunguza mizunguko kunafupisha bomba tu, upana unabaki uleule. Lazima nitafute mashine yenye sindano chache, au uzi mwembamba unatosha?