Naomba ushauri: mdomo wa mama unawaka, daktari anataka apime ini

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 61, yuko Tanga. Mwaka wa pili huu ndani ya mashavu ana michirizi myeupe kama wavu, na fizi nyekundu zinazomchoma. Pilipili kaacha, ndimu kaacha, hata chai anaisubiri ipoe kabisa (kwa anayemjua mama, hiyo ni adhabu). Tulianza na dawa ya fangasi, wapi! Baadaye daktari wa kinywa akakata kinyama kidogo kikapimwa, jibu likaja laikeni planasi. Haiambukizi, ni kinga ya mwili inayoshambulia utando wa mdomo. Akapewa steroidi ya kupaka. Anapata nafuu, akiacha inarudi.

Kilichonishtua ni kuambiwa akapime homa ya ini C. Kumbe virusi hivyo vimehusishwa na ugonjwa huu kwa baadhi ya wagonjwa, hasa Italia na Japani. Mama aliongezewa damu alipojifungua mwaka 1987, na virusi vyenyewe viligunduliwa 1989, kwa hiyo damu ile isingeweza kupimwa. Yeye hataki: "Mdomo na ini wapi na wapi?"

Aliyepitia hili anisaidie. Ukikutwa navyo ukamaliza vidonge vya wiki 12, mdomo nao ulitulia, au uliendelea kupaka dawa? Kipimo cha virusi vyenyewe, si kingamwili tu (askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya virusi), Tanga kipo au hadi Dar? Na mzazi mbishi mnamshawishije?